Mume Wangu Ana Mchango

Jumatatu, 2 Desemba 1974

Mvua imeanza, na mtoto naye ameanza. Jua likiinama tu, Anselmo anakunja miguu tumboni kama panzi aliyeshikwa, anajipinda, analia mpaka kuku wamekwisha panda. Tumbo limekaza, ukiligonga kwa kidole linaitika kama debe tupu. Kisha anatoa ushuzi mmoja mrefu ambao mtu mzima angeuonea haya, anatulia muda wa kumeza mate, anaanza upya. Miezi mitatu tu duniani, na tayari ana upepo kuliko mkutano wa hadhara.

Mama, ambaye ni bibi yake, humwita mume wangu, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. Asubuhi jirani mmoja mgeni, aliyeshushwa hapa na Operesheni Vijiji, alimsalimu. Mama akajibu, "Hatujambo, ila mume wangu hakulala. Tumbo limemjaa." Jirani akampa pole, akauliza kama mzee alikunywa pombe ya mahindi. Baba yangu alifariki mwaka wa sitini na tatu.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua. Kulia.

Jumatano, 4 Desemba

Kulia. Mvua.

Alhamisi, 5 Desemba

Nikiendelea hivi karatasi itaisha kwa maneno mawili. Basi niseme tunavyoishi.

Nyumbani tuko wanne. Mama, jina lake Romana, mrefu kuliko wanaume wengi wa Mpimbwe na mwenye sauti inayolingana na urefu. Mimi Goreth, niliyerudi kutoka kwa mume bila mtoto na bila sufuria. Wifi yangu Immaculata, mke wa kaka yangu Fabiani, ametoka Ufipa. Anapiga mswaki muda mrefu mno na kucheka mapema mno asubuhi. Na Anselmo mwanawe. Fabiani mwenyewe yuko Mpanda mjini, anajenga nyumba za watu huko Shanwe. Barabara ikishakatika kwa mvua hatumwoni mpaka masika yaishe.

Wifi na mimi tunakwenda shamba la kijiji kila siku ya kazi, ndiyo amri. Mama amesamehewa kwa umri, kwa hiyo anabaki na mtoto. Akilia anampa uji mwepesi wa yale mahindi ya njano ya msaada tunayoyaita Yanga. Tukirudi, wifi hata jembe hajaweka chini, mtoto anamrukia. Maziwa yamejaa mpaka yanachuruzika. Mtoto anagugumia, anapaliwa, anakohoa, anarudi tena kama anayeogopa kunyang'anywa.

Jumamosi, 7 Desemba

Leo Mama amelisema neno lenyewe. Tulikuwa tunachambua mboga, wifi kaenda kisimani.

"Goreth, mtoto huyu amebemendwa."

Nilijua analipika moyoni tangu wiki iliyopita. Kumbemenda mtoto ni mama kwenda na mwanaume mwingine naye bado ananyonyesha. Wanasema joto la dhambi linaingia kwenye maziwa, mtoto anaharibika. Hakuna mkwe anayepona neno hilo.

"Na nani, Mama?"

"Bartolomeo. Yule anayeandika majina shambani. Nimewaona wanacheka."

"Bartolomeo anacheka na kila mtu. Juzi alicheka na ng'ombe."

"Wewe cheka. Fabiani akija nitamwambia. Huyu binti wa Kifipa atarudi kwao, na mume wangu atabaki hapa."

Nimeandika haya ili nikumbuke kwamba nilinyamaza. Chumba ninacholala ni cha Mama. Na kusema kweli, hata mimi nilijiuliza mtu anacheka nini saa kumi na mbili asubuhi.

Jumapili, 8 Desemba

Katekista alisalisha. Mtoto hakulia mchana wala jioni. Mama anasema ni baraka za Jumapili.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, hakuna shamba. Mtoto hakulia. Sala pia haikuwepo. Nimemuuliza Mama baraka za leo ni za nani. Ameniambia nisimchezee Mungu.

Jumanne, 10 Desemba

Shamba. Kulia, tena kwa deni la siku mbili.

Jumatatu, 16 Desemba

Mama kaamka gizani kwenda Majimoto kuchota maji ya chemchemi ya moto, amkande mtoto tumbo. Kaenda na mvua, karudi na mvua, kibuyu kichwani. Maji yalipofika hapa yalikuwa ya baridi kama ya watu wote. Akayatia kwenye chungu akayachemsha upya, akamkanda, huku akimwimbia. Nilikuwa nimekwisha mwandika Mama kwenye upande mbaya wa kitabu changu; jioni hii nimeshindwa kujua nimweke upande gani.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Tumekaa nyumbani wote. Wifi kamnyonyesha mtoto kidogo kidogo kutwa nzima, huku anapika, huku anasukwa nywele, hata alipokuwa anagombana na mimi habari za chumvi. Hakulia. Sasa nimeanza kuelewa, na kuelewa kwenyewe hakunipi raha.

Alhamisi, 2 Januari 1975

Nimemwambia wifi: "Sikukuu halii. Siku za shamba analia. Tatizo si maziwa yako, ni saa."

Akasema, "Wifi, mimi nilijua wewe ndiye uliyeanzisha maneno yale ya Bartolomeo."

"Nani kakuambia?"

"Hukuwa unaniangalia usoni."

Nimemwangalia. Macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Nikamuuliza basi ile asubuhi anacheka nini. Akasema usiku kucha analia na mtoto, kwa hiyo kukipambazuka anacheka ili watu wasijue. Nimefuta kwa mkaa ule mstari niliouandika juu ya mswaki wake, halafu nimeurudisha, kwa sababu anapiga kweli muda mrefu mno.

Ijumaa, 3 Januari

Wifi alimbeba mtoto mgongoni kwenda naye shambani. Mzee Hilari, balozi wetu wa nyumba kumi, akamrudisha njiani.

"Shamba la kijiji si kliniki, mama. Leo wewe mmoja, kesho watoto wote wako kwenye matuta, nani atapalilia?"

"Shikamoo mzee. Ananyonya tu, hapalilii wala hazuii."

"Marahaba. Rudisha mtoto."

Wifi kamrudisha. Jioni mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Mama alitazama tu kifua cha mkwewe kama mtu anayetazama kisima kilichotiwa sumu.

Jumanne, 14 Januari

Siku ya kuandika kwa kirefu. Mzee Hilari alifika mchana, mvua inanyesha, akasimama chini ya upenu na fimbo yake. Yeye ni Mkonongo, Kiswahili chake amekiokota kwenye mikutano. Mama ni Mpimbwe, cha kwake amekiokota kanisani. Mimi nilikuwa ndani napepeta, nimebaki kumuuguza wifi aliyelala na homa.

"Mama Fabiani, nimekuja kwa habari ya mchango."

Ghala la kijiji linajengwa, na kila nyumba inatakiwa itoe miti na kamba. Kijiji kizima kinajua. Lakini Mama tangu Desemba haishi dunia ya maghala. Kwake mchango ni ule wa tumboni tu, ugonjwa wa watoto.

"Ee, karibu," akasema. "Umesikia kumbe. Ngoja nikuletee."

Akaingia, akatoka na Anselmo, akamweka mikononi mwa balozi. Hilari akampokea. Kiongozi akipewa mtoto hawezi kumkataa.

"Hongera. Raia mpya huyu," akasema. "Sasa, mchango wenyewe. Ni wa kila nyumba."

"Kila nyumba?" Sauti ya Mama ilishuka. "Si hapa kwangu tu?"

"Hapa kwako tu, kwani umekosa nini? Nyumba zote. Agizo limetoka juu."

"Kwa Mungu?"

"Wilayani."

"Na lazima utoke?"

"Lazima. Usipotoka kwa hiari, utatolewa kwa nguvu. Mwisho wa mwezi nataka niandike kwamba kwa Mama Fabiani umetoka wote."

Hapo mtoto akajipinda akaachia mmoja wa ile mirefu. Balozi akamrudisha haraka, akajifuta mikono kwenye koti, akasema, "Vizuri, nyie mmeanza," akaenda nyumba ya pili. Sijui kama ulikuwa mzaha.

Niliuma pindo la khanga ili nisicheke. Nilitaka kutoka nimweleze Mama. Lakini nilimwona amekaa kizingitini, mtoto kifuani, anasema peke yake, "Kila nyumba. Kumbe ni kila nyumba." Mabega yalikuwa yameshuka. Kama kila nyumba ina mchango, basi mkwewe hakufanya kitu. Nikaona kosa hili limefanya kazi niliyoshindwa mimi. Nikaliacha.

Jumatano, 15 Januari

Mama kamwita wifi "Mama Anselmo" kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze, akamwachia kiti. Nilimnong'oneza wifi sababu. Tulicheka hadi tukashikana.

Jumanne, 21 Januari

Kulia. Mvua.

Jumamosi, 25 Januari

Mama kaamka mapema, karudi na kitu ndani ya khanga. Nilipouliza akasema mboga. Mboga gani inachimbwa na mizizi?

Alhamisi, 30 Januari

Naandika nikiwa misheni, kwenye baraza ya zahanati. Naandikia gotini, kwa hiyo mwandiko ukiwa wa kuku nisamehewe.

Jumatatu tulikuwa tunapalilia mahindi ya kijiji. Mpini wangu ukavunjika, nikarudi nyumbani kuchukua mwingine. Nikamkuta Mama amekaa na Anselmo mapajani, kikombe cha bati pembeni, nyumba nzima inanuka uchungu. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa msichana.

"Njoo uone. Umetoka."

"Nini kimetoka?"

"Mchango. Wote. Upepo kwanza, halafu maji. Mshike tumbo."

Nikamshika. Tumbo lililokuwa debe lilikuwa kitambaa. Nepi zote, vitambaa vyote, hata kilemba cha Mama, vilikuwa vimelowa kwenye karai, na mtoto bado anatoka maji, maji matupu.

"Umempa nini?"

"Dawa ya Manyanda." Huyo ni mganga Mnyamwezi aliyehamia juu kule mwaka jana. "Kikombe asubuhi, kikombe mchana. Alivyosema."

"Kikombe kizima, Mama?"

"Nusu alitema. Hilari alisema kama hautoki kwa hiari utolewe kwa nguvu. Mwezi unaisha Ijumaa."

Nilikuwa natazama utosi wa mtoto. Ulikuwa umebonyea, kama mtu anavyobonyeza ugali kwa kidole gumba. Macho yalikuwa wazi hayatazami kitu. Na hakuwa analia. Miezi yote tumeomba kimya katika nyumba ile. Tulipopewa, kilinitia baridi mpaka kwenye meno.

Nilikimbia shambani. Wifi aliponiona natoka kwenye mvua bila mpini hakuuliza. Aliangusha jembe palepale tutani. Bartolomeo akaita, "We mama, muda haujafika! Nitaandika umetoroka!" Wifi hakugeuka. Ndiyo mapenzi yenyewe waliyomsingizia.

Tulimchukua mtoto nyumbani tukakimbilia misheni, iliyo ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umejaa. Ile miti ya kuvukia ilikwisha chukuliwa na maji. Libérat, Mrundi anayevua kambare pale, alikuwa amefunga kamba kutoka mti hadi mti, watu wavuke wakiishika. Akatupima kwa macho.

"Maji ni ya kifua," akasema. "Kifua changu. Wewe mama mfupi yatakupita kichwa. Mtoto hapiti hapa."

Wifi alimkumbatia mtoto akalitazama lile tope linakimbia na magogo yake. Nyuma yetu nikasikia mtu anahema. Mama alikuwa ametufuata, yeye na goti lake bovu, njia nzima ya matope.

"Nipe mume wangu," akasema. "Mimi ni mrefu."

Wifi hakumpa. Alirudi nyuma hatua, akamfunika mtoto kwa mkono. Hawa watu wawili wamekaa nyumba moja miaka mitatu, na sidhani waliwahi kutazamana vile. Mama hakujitetea. Hakusema samahani, hakusema Mungu, hakusema Hilari. Alivua viatu tu, akapandisha gauni akalifunga kiunoni mbele ya Libérat kama hakuna mwanaume pale, akanyoosha mikono.

"Immaculata," akasema. Jina lenyewe, sijawahi kumsikia akilitaja. "Tutamkosa tukisimama hapa."

Wifi akampa.

Mama aliingia majini na mtoto juu ya kichwa, mkono mmoja umemshika, mwingine kwenye kamba. Libérat alikuwa upande wa chini kumzuia. Katikati akayumba. Maji yakamfika kidevuni, nikaona kichwa chake kinalala nyuma lakini mkono ule wa juu haukushuka hata kidogo, ulibaki umesimama peke yake kama nguzo. Wifi hakufumba macho wala hakulia. Alikuwa ameuma kiganja chake, nimekiona leo, kina alama. Libérat akamsukuma Mama kwa bega, akapata kusimama, akatoka. Kisha Libérat akarudi kutuchukua sisi, mmoja mmoja, tukining'inia kwenye kamba kama nguo.

Zahanati ina Sista mmoja Mwafrika, Sista Getrude, hana maneno mengi. Alivuta ngozi ya tumbo la mtoto, ngozi ikabaki imesimama. Akauliza bila kuinua kichwa, "Nani amempa dawa?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika. Akafungua mdomo. Wifi akawahi.

"Tumempa," akasema.

"Nani?"

"Sisi. Nyumbani."

Sista alitutazama wote watatu, akaacha kuuliza. Alichemsha maji, akatia sukari na chumvi, akampa wifi kijiko. Kidogo, subiri, kidogo tena. Jumatatu ile, usiku wake, Jumanne nzima. Mara anatapika, wanaanza upya. Mama alikaa chini ukutani hakula. Jumatano alfajiri Anselmo alikojoa. Wifi alikinga mkojo ule kwa kiganja akatuonyesha, na sisi tukausogelea kuutazama, watu wazima na akili zetu.

Leo amelia. Kilio kibaya, cha kukwaruza. Mama amefunika uso kwa khanga akatoka nje.

Ijumaa, 31 Januari

Sista kauliza habari za mwanzo. Nikamweleza tumbo, upepo, kulia kwa jioni.

"Siku zote?"

"Jumapili hapana."

"Jumapili kuna nini?"

"Jumapili kuna mama yake."

Akatikisa kichwa taratibu. Kasema uji mtoto bado, wa Yanga wala wa Simba. Ziwa tu, kidogo kidogo, mara kwa mara. Mama mtu amkalishe wima, akamue ule mkondo wa kwanza ili asigugumie. Akimaliza, lazima mtoto abeulishwe: awekwe begani, apigwepigwe mgongo mpaka acheue ile hewa aliyomeza. Akijaa, alazwe chali achezeshwe miguu kama anaendesha baiskeli. Mama alisikiliza kwa mdomo wazi kidogo, anarudia neno lile kimyakimya, "Abeulishwe. Abeulishwe," kama anayejifunza sala.

Jumatatu, 3 Februari

Tumerudi nyumbani.

Alhamisi, 6 Februari

Manyanda alipita. Mtu mpole, ana kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alikaa, akapewa maji, akanywa, akauliza kwa adabu:

"Mzee anaendeleaje?"

"Mzee gani?" nikauliza.

"Mumewe huyu mama. Alikuja kwangu akasema, mume wangu ana mchango, tumbo limemjaa, hajalala tangu mvua ianze. Nikamfungia ya mtu mzima, tena nikaongeza kidogo, maana nilisikia ni mtu wa pombe."

Wifi alikuwa na Anselmo begani, anampigapiga mgongo. Mkono wake ukasimama, kisha ukaendelea, taratibu. Manyanda alimtazama mtoto, akamtazama Mama, nikaona inamwingia kidogo kidogo. Akavua kofia.

"Yesu na Maria," akasema. Si Mkristo.

Mama aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Nilimfuata baada ya muda. Alikuwa amesimama anatazama mahindi.

"Mchango wa Hilari," akaniuliza bila kugeuka, "ulikuwa wa nini?"

"Wa ghala, Mama. Miti na kamba."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Alisema tu, "Haya," na neno hilo limekaa nami mpaka sasa ninapoandika.

Jumatano, 12 Februari

Majivu, Kwaresima imeanza. Mama hajasema maneno matano tangu siku ile. Mtoto bado anapata upepo, ila unatoka. Nyumba nzima hailii naye tena. Wifi hajaenda shamba tangu turudi. Bartolomeo amemwandika mtoro.

Jumamosi, 15 Februari

Mzee Hilari alikuja kumfuata wifi.

"Mama Anselmo, pole na mgonjwa. Lakini jina lako halionekani shambani. Nyumba hii inatakiwa watu wawili."

Wifi akaanza kueleza. Mama akatoka ndani na jembe la wifi begani.

"Ni mimi na Goreth," akasema.

"Mama Fabiani, wewe umesamehewa."

"Na nani?"

"Na kijiji. Kwa umri."

"Sijaomba msamaha kwa kijiji. Wale ninaopaswa kuwaomba nawajua." Akampita. Hilari alibaki na fimbo yake akanitazama mimi. Nikachukua jembe langu nikamfuata Mama.

Anapalilia vibaya, goti linamzuia. Anakata na mahindi. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Jumapili, 2 Machi

Kuna shida mpya. Yale maneno ya kubemenda, Mama aliyasema Desemba kwa wanawake wawili kisimani. Wanawake wawili wa kisimani ni gazeti. Sasa yamefika Majimoto sokoni. Mama anajua. Namwona usiku ukiingia anamtazama wifi anavyomkalisha mtoto, na midomo yake inasogea. Fabiani akisikia sokoni kabla hajafika nyumbani, hata Papa hatamsaidia wifi. Mwanaume wa kwetu akishaambiwa hivyo hadharani, humrudisha mke kwanza, huuliza baadaye.

Jumapili, 30 Machi

Pasaka. Mvua zinapungua. Anselmo amecheka, sauti kamili. Wifi naye kacheka, mchana kweupe.

Jumatano, 9 Aprili

Lori la kwanza limepita.

Ijumaa, 18 Aprili

Fabiani alifika jana jioni. Ana suruali mpya ya bugaluu, pana chini mpaka inafagia njia. Alileta sukari na khanga, akavishusha bila kumtazama mkewe. Hakumbeba mtoto. Hapo nikajua amepitia Majimoto.

Wifi alichinja kuku. Tulikaa kula jua halijazama, Fabiani kwenye kiti, sisi mkekani, wifi anapakua. Fabiani hakungoja hata kunawa.

"Mama, nimepita sokoni. Kuna maneno."

"Sokoni hayakosi."

"Wanasema mwanangu alibemendwa. Alikonda akawa mfupa, mkabebana mpaka misheni."

Mwiko wa wifi ukasimama juu ya chungu. Sikumtazama, nilitazama mchuzi unadondoka.

"Nani wanasema?" Mama akauliza.

"Wengi. Niliwabana. Kila mmoja akasema limetoka kwako."

Mama alimega tonge, akalifinyanga, akalitia mdomoni, akatafuna mpaka likaisha. Sijawahi kuona ugali ukitafunwa muda ule.

"Fabiani," akasema, "wewe unajua mama yako hajasoma. Kiswahili changu ni cha kuokota. Mimi nilisema kisimani: mtoto huyu lazima abeulishwe. Wao wakasikia amebemendwa."

"Abeulishwe?"

"Huko Shanwe hamna neno hilo? Kaa sawa. Immaculata, mpe mwanawe."

Wifi alimweka Anselmo begani kwa baba yake, juu ya shati la mjini, akamshika Fabiani mkono akamwonyesha namna ya kupiga. Kaka yangu, fundi wa kupigilia misumari, alipiga mgongo ule kana kwamba ni yai. Tukangoja. Hata mimi ninayejua kila kitu nilizuia pumzi. Mtoto akacheua hewa kubwa ya kiume, na maziwa yakamshuka Fabiani mgongoni mpaka kwenye mkanda wa bugaluu.

"Ndiyo kubeulisha," Mama akasema. "Sasa mtu akikuuliza sokoni, mweleze."

Fabiani alimtazama Mama usoni. Si mjinga, alizaliwa na mwanamke yuleyule aliyenizaa mimi. Kisha akamhamishia mtoto bega la pili, akaendelea kupiga.

Wifi akarudia kupakua. Firigisi, kama kila mtu ajuavyo, ni ya mwenye nyumba. Aliitafuta chini ya chungu kwa mwiko, akaipata, akaiweka kwenye bakuli la Mama.

Fabiani aliliona bakuli lake, akaliona la Mama. Akanawa mikono, akala shingo.